Miaka kumi wodini haitoshi kumfanya muuguzi tabibu

Nimechoka kusikia kauli hii kuhusu muuguzi anayeanza kazi ya muuguzi tabibu, yaani anayechunguza wagonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe: "Huyo ana miaka kumi wodini, mpeni chumba aanze kuona wagonjwa." Miezi mitatu baadaye waliosema hivyo wanalalamika kwamba anachelewa, anaagiza vipimo vingi na kumpigia daktari kila mara. Wanahitimisha kwamba hawezi.

Anaweza. Kazi ndiyo iliyobadilika. Wodini mgonjwa hufika akiwa na jina la ugonjwa kwenye faili. Kwa muuguzi tabibu anafika na kiungulia cha tangu juzi, ana miaka 58 na kisukari. Ni tumbo au moyo? Anayemwandikia dawa ya asidi bila kupima umeme wa moyo uzoefu anao. Alichokosa ni mazoea ya kuondoa kwanza yale yanayoua, ndipo akubali jibu jepesi. Wodi humfundisha kutambua upesi kwamba mgonjwa anazidiwa. Kutafuta sababu, akianzia sifuri, ni ujuzi mwingine.

Dawa nazo ni hivyo hivyo. Aliyegawa metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka anajua dozi na madhara yake. Sasa ndiye mwamuzi: figo zikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika, haitumiki, kati ya 30 na 45, mgonjwa mpya haanzishiwi. Na kipimo alichoagiza, majibu ni yake kuyafuatilia hata yakitoka Ijumaa jioni. Wengi huangukia hapo hapo, majibu yakabaki hayana mwenyewe.

Muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya muuguzi tabibu huko Colorado, Marekani, mwaka 1965, waliwachukua wauguzi wenye uzoefu, na bado wakawafundisha upya kuchunguza watoto.

Basi aanze na dakika 40 kwa kila mgonjwa, zipungue taratibu hadi 20. Apewe msimamizi mmoja anayejulikana. "Muulize yeyote aliyepo" ni sawa na kutompa mtu. Mwanzoni mafaili yote yapitiwe, baadaye machache. Kila mgonjwa aondoke akijua dalili zipi zimrudishe, na lini.

Kuhusu muda, mwaka mmoja hutajwa sana, nami nina shaka na kalenda. Aliyeona mafua na shinikizo la damu mwaka mzima bado ni mgeni kwenye maumivu ya kifua. Afadhali tuhesabu aina za malalamiko aliyoyashughulikia chini ya usimamizi. Woga wa mwezi wa pili ni wa kawaida. Asiyeuliza lolote ndiye ninayetaka mafaili yake yapitiwe leo.