Kupumzisha nyota kabla ya Kombe la Dunia la kriketi: yanayosemwa na yalivyo

Orodha ya kikosi ikitoka bila jina kubwa wiki chache kabla ya mashindano, mabishano huanza palepale: kaachwa huyo, kaumia wanaficha, anadeka. Mashabiki huhesabu majina. Benchi la ufundi huhesabu mipira: aliyorusha wiki hii, wiki iliyopita, na wiki mbili za kabla ya hapo. Dhana nyingi potofu kuhusu jambo hili zimezaliwa hapo.

"Aliyepumzishwa yuko nyumbani, miguu juu ya kochi"

Labda siku nne au tano za mwanzo. Zaidi ya hapo, kwa mrushaji wa kasi, kukaa bila kurusha kabisa ni hatari kuliko mechi aliyokosa.

Mguu wake wa mbele unapotua, mwili hupokea nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, wakati huohuo kiwiliwili kimepinda nyuma na kuinama upande mmoja. Mzigo huo huishia kwenye pingili za chini za mgongo. Ufa wa msongo huanzia hapo, mara nyingi upande ulio mkabala na mkono wa kurushia: anayerusha kwa mkono wa kulia huanza kulalamika kiuno cha kushoto. Ukishafunguka, kupona kwake huhesabiwa kwa miezi. Mfupa huzoea mzigo polepole, na mazoea hayo huyapoteza ukiachwa bila kazi.

Tuchukue mrushaji aliyetoka kwenye ligi ya T20, yaani mechi za ova 20 kwa kila timu, na ova moja ni mipira sita. Kwa wiki anacheza mechi mbili na kurusha mipira 24 kila moja, jumla 48. Ongeza mipira 12 ya kupasha moto kabla ya kila mechi na vipindi viwili vya neti (mazoezi ndani ya wavu) vya mipira 24. Jumla ni 120. Wiki ya kwanza ya Kombe la Dunia la ova 50 anaweza kukutana na mechi mbili za mipira 60, mipira 24 ya kupasha moto na 60 ya neti: 204.

Akilala wiki mbili zilizo katikati, wiki zake nne zinasomeka 120, 0, 0, 204. Wastani ni 81, na wiki ya mwisho ni mara 2.5 ya wastani huo. Lakini katika wiki hizohizo mbili akirusha mipira 80 kisha 140, bila kucheza mechi hata moja, wastani unapanda hadi 136 na uwiano unashuka hadi 1.5. Akipewa wiki tatu badala ya mbili, kwa mipira 80, 120 na 160, uwiano unafika 1.45. Wataalamu wengi wa viungo huanza kukunja uso ukivuka 1.5. Kipimo hiki kina wapinzani wake miongoni mwa watafiti, na wana hoja: mipira 24 ya nusu kasi na mipira 24 ya kumtisha mpigaji huandikwa sawa kwenye daftari. Kinafaa kama taa ya tahadhari, basi. Hata hivyo, mtu wa 2.5 na mtu wa 1.45 wote waliandikwa "amepumzishwa" kwenye taarifa ileile ya timu.

Kosa linalojirudia sana ni kuhesabu mipira ya mechi peke yake. Mpira mpana na mpira batili havihesabiwi kwenye ova, lakini mgongo umevihesabu. Mipira ya kupasha moto huwa haiandikwi na mtu yeyote, na kwa mrushaji mwenye wasiwasi inaweza kufika 30 kabla mechi haijaanza.

"Hana maumivu yoyote, kwa nini akae nje?"

Hili ndilo gumu kulieleza, kwa sababu linaonekana kupingana na akili ya kawaida. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuatilia warushaji wa kasi wa daraja la juu. Ulionyesha kwamba aliyerusha zaidi ya ova 50 katika mechi moja hakuwa lazima aumie wiki hiyo. Hatari yake ilipanda baadaye, na ilibaki juu kwa wiki tatu hadi nne. Ova 50 kwa mtu mmoja ni habari ya mechi za siku nyingi, lakini ratiba hazijui mipaka hiyo: mtu hutoka kwenye mechi za Testi, za hadi siku tano, akaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya ova 50.

Jasprit Bumrah wa India alirusha ova 151.2 katika mechi tano za Testi dhidi ya Australia, kati ya Novemba 2024 na Januari 2025. Hiyo ni mipira 908 katika wiki kama sita. Alichukua wiketi 32, yaani aliwatoa wapigaji mara 32, na mgongo ukagoma Sydney katika mechi ya mwisho. Champions Trophy, mashindano ya mataifa ya ova 50, ya Februari na Machi ilimpita. (India ilitwaa kombe hilo bila yeye, jambo ambalo wanaosema "bila fulani hatuwezi" hawapendi kukumbushwa.)

Linganisha na miaka miwili nyuma. Machi 2023 alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na Kombe la Dunia lilikuwa linaanza Oktoba. Alirudi tarehe 18 Agosti huko Malahide, Ireland, katika mechi za T20 ambako kikomo ni mipira 24. Baada ya hapo likaja Kombe la Asia la ova 50, na ndipo Kombe la Dunia, alikomaliza na wiketi 20. Watu waliuliza kwa nini nyota wa daraja lake apelekwe Ireland. Alipelekwa kwa sababu ya mipira hiyo 24.

"Ni ova nne tu"

Ova nne za T20 hurushwa zote kwa nguvu ya juu, na mara nyingi kwa mafungu ya ova moja moja: mwili unapoa, unaamshwa, unapoa tena. Kwa kila saa ya mchezo, T20 inadai mbio kali nyingi kuliko mechi ya siku nyingi. Lakini anayetoka T20 kwenda ODI (mechi za kimataifa za ova 50) anaruka kutoka mipira 24 hadi 60, mara mbili na nusu. Kama mbio zake za kujia mpira ni mita 20, ova kumi zinamkimbiza mita 1,200, halafu anasimama uwanjani kwa ova arobaini zilizobaki, akifukuza mipira mpakani kwa misuli ya paja iliyokwisha kupoa. Misuli ya nyuma ya paja hukatika hapo mara nyingi, na lawama hupewa nyasi.

"Wapigaji hawachoki, wanasimama tu"

Kutoka mstari wa mpigaji hadi mstari wa upande wa pili ni mita 17.68. Mikimbio ndiyo pointi za kriketi, na mikimbio miwili ina maana ya kukimbia, kufunga breki ghafla, kugeuka na kukimbia tena, na breki hiyo ndiyo inayokula paja na kinena. Mlinda wiketi, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, huchuchumaa angalau mara 300 katika ova 50, kisha wengi wao wanatakiwa kupiga juu kabisa kwenye orodha. Mimi ningempumzisha mlinda wiketi kabla ya mpigaji yeyote, na ni nadra kuona hilo likifanyika kwa wakati.

Ila kwa wapigaji kuna gharama ya kweli: macho na mikono hupoteza mwendo. Mashine ya kurushia mpira hairudishi kila kitu, kwa kuwa haina bega la kusomwa. Ndiyo maana mpigaji hupewa likizo fupi na tarehe ya kurudi.

Septemba 2023 India iliwaweka nje wapigaji wake nyota, Rohit Sharma na Virat Kohli, katika ODI mbili za kwanza dhidi ya Australia, KL Rahul akawa nahodha, na zote mbili wakashinda. Wakubwa wakarudi mechi ya tatu, Rajkot, tarehe 27: Rohit 81, Kohli 56, India ikafungwa. Mpango ulikuwa waongezewe mechi mbili za kujipima kabla ya Kombe la Dunia. Zote mbili zikaoshwa na mvua. Kwa hiyo walifika Chennai tarehe 8 Oktoba, kwa mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia, wakiwa na mechi moja tu katika karibu wiki tatu. Rohit akatoka bila mkimbio hata mmoja, India ikawa na mikimbio 2 kwa wiketi 3. Kohli, mwenye mapumziko yaleyale, akapiga 85. Siku tatu baadaye Rohit akapiga 131 dhidi ya Afghanistan. Anayetaka kuthibitisha chochote kwa mechi moja ya Chennai atathibitisha anachokitaka.

"Mfululizo uliopotezwa bila nyota ni muda uliopotea"

Katikati ya 2021 Australia ilikwenda West Indies na Bangladesh bila nyota wake David Warner, Pat Cummins, Glenn Maxwell, Marcus Stoinis na Steve Smith, huyu wa mwisho kwa ajili ya kiwiko. Katika mechi za T20 West Indies iliwafunga 4–1. Bangladesh nayo 4–1, na katika mechi ya tano Dhaka walitolewa wote kwa mikimbio 62. Ilikuwa aibu isiyo na mfano.

Lakini nafasi ya tatu kwenye orodha ya wapigaji ilikuwa wazi, na katika ziara hizo alipewa Mitchell Marsh. Alikuwa mpigaji bora wa Australia kote kuwili. Wakubwa waliporudi kwa Kombe la Dunia la T20, aliachwa nje mechi moja, dhidi ya Uingereza, kisha akarudishwa nafasi hiyohiyo. Fainali, Dubai, tarehe 14 Novemba: Marsh 77 bila kutolewa, mchezaji bora wa mechi, Australia bingwa. Warner, aliyekosa ziara zote mbili, akawa mchezaji bora wa mashindano kwa mikimbio 289.

Sisemi kila kipigo kina Marsh ndani yake. Ziara ya namna hii hulipa pale tu ambapo anayechukua nafasi anapewa kazi ileile atakayoifanya kwenye mashindano, tena mechi kadhaa mfululizo. Kumweka kijana nambari saba kwa mechi moja kisha kumrudisha benchi hakumfundishi mtu kitu.

"Hakuna kinachopotea"

Kinapotea, na zaidi kwa timu za katikati ya jedwali. Kufuzu Kombe la Dunia la 2023 kulipitia ligi ya pointi: kila ushindi pointi 10. Afrika Kusini ilijitoa kwenye ODI tatu za Januari 2023 nchini Australia ili wachezaji wake wawepo kwenye ligi mpya ya nyumbani. Pointi 30 zikaenda kwa Australia. Ikabidi wahangaike hadi Mei, wakaponea nafasi ya nane, ya mwisho ya kufuzu moja kwa moja, mechi ya Ireland na Bangladesh ilipoharibiwa na mvua kule Chelmsford. West Indies, mabingwa mara mbili, walienda kwenye mchujo, wakafungwa na Scotland mjini Harare na kukosa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Kwa 2027 wenyeji Afrika Kusini na Zimbabwe wana nafasi zao, na timu nyingine nane zitaingia moja kwa moja kwa viwango vya ODI vya tarehe 31 Machi 2027. Timu ya pili duniani inaweza kupoteza mechi mbili bila kuhisi. Ya tisa haiwezi, na kocha wake anayeiga sera ya kupumzisha ya matajiri ananunua kiatu cha mtu mwingine.

"Wanapumzikia timu ya taifa, ligi wanacheza zote"

Lalamiko hili lina ukweli ndani yake. Ligi ndiyo yenye pesa kubwa, na bodi nyingi hazina nguvu ya kumzuia mchezaji. Ila hali hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Mei 2024 Uingereza iliwaita wachezaji wake nyumbani kutoka IPL, ligi ya T20 ya India, kabla ya mechi za mtoano, Jos Buttler akiwemo, wajiandae kwa Kombe la Dunia la T20 kwa mechi nne dhidi ya Pakistan. Mbili zikaharibiwa na mvua. Australia iliwaacha wake hadi mwisho: fainali ya IPL ya tarehe 26 Mei ilikuwa na Mitchell Starc upande mmoja, Cummins na Travis Head upande wa pili. Siku mbili baadaye, katika mechi ya kujipima dhidi ya Namibia huko Trinidad, Australia ilikuwa na wachezaji tisa tu, na miongoni mwa waliosaidia kudaka mipira alikuwamo mteuzi mkuu mwenyewe, George Bailey. Walishinda.

"'Amepumzishwa' ni neno la heshima la 'ameachwa'"

Mara nyingine ndivyo. Wateuzi hutumia neno hilo kumfichia mtu aibu, na wachezaji wanalijua. Angalia mambo mawili. Aliyepumzishwa kweli huwa na mechi ya kurudi iliyotajwa, kama Rohit na Kohli walivyotajiwa Rajkot. Na huonekana kwenye neti na timu au kwenye kituo cha mazoezi, akirusha huku mtu pembeni ameshika daftari. Anayepumzishwa mfululizo mara tatu bila tarehe, huku aliyekalia nafasi yake akipewa hadi vipindi vya mwisho vya kurusha, huyo ameachwa.