Mfupa "kufa" sio mkono kukatwa
Mtu akiambiwa kamfupa ka kwenye kifundo cha mkono "kamekufa" anajua kameoza na mkono unakatwa. Hapana bana. Ugonjwa wa Kienböck, jina la daktari wa eksirei wa Vienna aliyeuelezea 1910, ni kwamba kamfupa kamoja kati ya vile 8 vya kifundo cha mkono, kale kenye umbo la mwezi mwandamo, kamekosa damu, hakuna usaha wala nini.

Na mara nyingi kwenye oparesheni za mapema hako kamfupa hakaguswi kabisa! Daktari anaenda mfupa mrefu wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, ule wa upande wa dole gumba, anaufupisha milimita 2 au 3 hivi, anafunga pleti na skrubu, mzigo unapungua kamfupa kanapumua, hasa kama ule mfupa wa upande wa kidole cha mwisho ni mfupi kuliko mwenzake. Wengine wanapandikiziwa mfupa wenye mshipa wake wa damu. Kakishasagika kabisa ndo wanatoa, saa nyingine mifupa 3 ya mstari wake mzima, au wanagandisha jointi. Hata hapo vidole vinakunja, kikombe unashika, ila kifundo hakipindi kama zamani.