"Picha Imeharibu Kitabu": tusemayo barazani na ukweli wake

Niliiona The Lord of the Rings kabla sijajua kwamba ni kitabu. Ilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha Ngamiani, hapa Tanga: mabenchi ya mbao, joto la kumvua mtu shati, na mchawi mwenye ndevu nyeupe anayezungumza Kiswahili cha mtaani kwa mdomo wa dijei. Aliyenilipia ni kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Kitabu nilikipata miaka kadhaa baadaye, cha mtumba, jalada limeshikizwa kwa gundi, nikakisoma kamusi ikiwa pembeni. Tangu hapo filamu ile naipenda na kuilalamikia kwa pamoja. Tukikaa barazani na kahawa ubishi ni uleule, na mengi yanayosemwa si kweli. Baadhi yake hata mie nilikuwa nikiyasema.

Dhana: Filamu nzuri ni ile inayofuata kitabu neno kwa neno.

Ingefuata hivyo, usingeimaliza. Kitabu cha J.R.R. Tolkien, kisa cha Frodo, mmoja wa hobiti (jamii ya watu wafupi), anayebebeshwa pete ya uovu akaiteketeze kwenye mlima wa moto, kilitoka kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955, na kina kurasa zaidi ya 1,000. Mwongozaji Peter Jackson alikigawa katika filamu tatu, 2001, 2002 na 2003, ambazo kwa jumla zinapita saa 9. Hata kwa urefu huo Tom Bombadil, yule mzee wa msituni anayejiimbia kutwa, hakuonekana wala kivuli chake. Wapo waliomlilia. Mie sikumlilia. Kitabuni anapendeza kwa sababu hatumwelewi, na pete haimwezi: anaivaa kidoleni na hatoweki kama wengine. Sasa mlete huyo mbele ya watu ambao ndiyo kwanza wameambiwa kwamba pete hii inatisha dunia nzima. Hofu ingewaisha palepale, na kaka yangu angedai hela yake.

Dhana: Basi tatizo ni muda. Wangepewa saa za kutosha wangepatia.

Walipewa. The Hobbit, kitabu kingine cha Tolkien, cha watoto, cha mwaka 1937, ni cha kurasa kama 300. Basi la Dar likichelewa njiani unaweza kufika umekimaliza. Jackson huyohuyo akakitolea filamu tatu, 2012 hadi 2014, karibu saa 8. Muda ulipokuwa mwingi ikabidi ujazwe: mapigano yasiyokwisha, na mwanamke wa Kielfu (jamii ya viumbe wasiozeeka) aitwaye Tauriel, asiyekuwemo kitabuni, akaozwa mapenzi na mbilikimo. Kumleta mwanamke sikatai, kwa maana kitabu chenyewe kimekauka wanawake. Lakini mmelete mtu mpya, hodari wa upinde, halafu kazi kubwa mnayompa ni kulia?

Dhana: Ukimbadilisha mhusika umemuua.

Si kila mara. Kitabuni anayemsaidia Frodo kufika kwenye kivuko akiwa na jeraha ni Glorfindel, shujaa wa Kielfu ambaye baada ya hapo hana kazi kubwa. Filamuni kazi hiyo amepewa Arwen, binti wa Kielfu. Siku ile kibandani hakuna aliyeuliza Glorfindel yuko wapi. Na Arwen alistahili, maana kitabuni sehemu kubwa ya mapenzi yake na Aragorn, mrithi wa ufalme, imewekwa kwenye viambatisho vya mwisho, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Ila Faramir, hapo nina kinyongo na sikifichi. Kitabuni anaijua pete ni nini, anayo nafasi ya kuichukua, na anaiacha. Angeikuta njiani, anasema, asingeiokota. Filamuni anawakamata Frodo na rafiki yake Sam, anawaburuta hadi mji wa Osgiliath, na ndipo anapozinduka. Watengenezaji walijieleza: tumekaa saa nyingi tukionyesha kwamba pete inamlevya kila mtu, huyu naye aikatae tu hivihivi? Tena tukio la buibui Shelob walikuwa wamelisogeza hadi filamu ya tatu, kwa hiyo ya pili ilihitaji kilele kingine upande wa Frodo. Hesabu yao naielewa. Lakini kwa hesabu hiyo ndugu wawili wanakaribiana mno. Kaka yake, Boromir, alishindwa na pete, na maana ya Faramir ilikuwa kwamba katika nyumba ileile, kwa baba yuleyule, anaweza kutoka mtu wa namna nyingine.

Dhana: Majina ya kitabuni hayaguswi, madijei ndio wanaoharibu.

Dijei wetu alimwita Gollum, yule kiumbe aliyeharibiwa na pete, "Kibwengo" na mlima wa moto akauita Mlima wa Kiama. Nilipokwisha kusoma kitabu nikawa namcheka. Baadaye nikaja kujua kwamba Tolkien mwenyewe aliwaandikia wafasiri mwongozo wa majina, akitaka mengi yenye maana ya kawaida kwa Kiingereza yatafsiriwe kwa maana yake katika lugha ya msomaji. Kibwengo hangempendeza, nadhani, kwa sababu Gollum ni mlio wa koo na hauna maana nyingine. Kwa Mlima wa Kiama dijei alikuwa sawasawa. Mama mdogo, ambaye hana Kiingereza hata cha kuombea maji, alimwelewa Kibwengo kuliko nilivyomwelewa mie: "Huyo si adui, huyo ni mgonjwa."

Dhana: Mwandishi asiporidhika, filamu haitoki.

Akishauza haki, mara nyingi hana la kusema. Tolkien aliziuza mwaka 1969 na kufariki 1973. Jackson alikuja baadaye sana, na Christopher, mtoto wa Tolkien aliyetunza maandishi ya baba yake, hakuzipenda filamu zile. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, yeye alikuwa hai. Hadithi zake za Earthsea ni za visiwa, mashua na upepo, mambo ambayo mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa, na shujaa wake Ged ana ngozi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ikamfanya Mzungu. Le Guin akalalamika hadharani, na asingeweza zaidi ya hapo.

Dhana: Walichokata ni kile kisicho na maana.

Hii ndiyo inayoniuma. Kitabuni hobiti wanne wanarudi kwao baada ya kuiokoa dunia, wanakuta kwao kumeshikwa. Miti imekatwa, nyumba za zamani zimebomolewa, kuna kinu kipya kinachochafua mto, na amri zimebandikwa ukutani. Vita vyao vya mwisho wanavipigana kijijini kwao, na wakubwa waliozoea kuwasaidia hawapo. Filamuni wanarudi, wanakaa baa, wanainua vikombe, kila kitu kiko palepale. Kilichosalia ni maono mafupi kwenye kioo cha Galadriel, bibi mtawala wa Kielfu, katika filamu ya kwanza.

Sababu ipo. Pete ikishateketea, mtazamaji ameanza kutafuta ndala zake chini ya benchi; umwanzishie vita vingine? Filamu yenyewe ya tatu inalaumiwa kwa kuaga mara nyingi kama mgeni aliyesimama mlangoni. Na ikachukua Oscar 11, kwa hiyo wa kuwaambia walikosea ni nani.

Ila nilikaa Dar miaka sita. Niliporudi, mwembe wa kona ya mtaa wetu, ambao nusu ya utoto wangu ilipita juu yake, haupo. Pana fremu za maduka. Hakuna aliyekuwa ameniambia, kwao ilikuwa habari ya zamani. Usiku ule nilitoa kitabu nikasoma sura ile, na sehemu ambayo Sam anapanda miti upya kwa udongo aliopewa na Galadriel katika kisanduku. Filamuni Galadriel anampa Sam kamba.

Dhana: Fantasia ni mambo ya Wazungu.

Hili huwa analisema mtu anayeishi katika mji wa mwandishi Shaaban Robert. Mzaliwa wa Vibambani, hapahapa Tanga, 1909. Kitabu chake Kusadikika ni cha nchi iliyo angani. Katika Adili na Nduguze kuna ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtupa mwenzao baharini, jini Huria akawageuza nyani, na Adili akaamriwa awachape kila usiku. Siku akija mtu na kamera kuitengeneza filamu nitakaa benchi la mbele na malalamiko yangu tayari: nyani wawe nyani kweli, si watu waliovishwa manyoya, viboko visikatwe kwa kuogopa watoto watalia, na Huria asizuliwe mchumba.