Baba Asome Kadi ya Kliniki

Katika kazi yangu ya ukunga hapa Tanzania nimezoea kuwaona wanaume wakiwaleta wake zao kliniki kwa pikipiki, kisha wakabaki chini ya mwembe nje ya uzio hadi huduma itakapokwisha. Siwalaumu sana, kwa kuwa hata mabenchi yetu yamepangwa kana kwamba mimba haimhusu baba. Hata hivyo, kuliko nauli na matunda, mjamzito anamhitaji mwenzi anayejua kinachoendelea, ili siku ya dharura asiwe yeye ndiye anayesubiriwa.

Sisi wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Huo wa kwanza mara nyingi umo mikononi mwa mume. Niliwahi kumpokea mama aliyeumwa kichwa tangu asubuhi, akiona vimulimuli machoni, vidole vimevimba hadi pete haivuki kiungo, naye alikaa nyumbani mpaka jioni kwa sababu simu ya mumewe haikupatikana na mawifi hawakuthubutu kuamua bila yeye. Shinikizo lake la damu lilikuwa limepita mbali 140 kwa 90, kiwango ambacho tukishakifikia huanza kuhofia kifafa cha mimba. Ruhusa ya kwenda hospitali, kama ni lazima iitwe ruhusa, itolewe mapema, nyumba nzima ikisikia, wakati hakuna anayeumwa.

Ndiyo maana huwaomba akina baba waisome kadi ya kliniki. Humo wataona vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, ambavyo wengi huviacha kwa kichefuchefu, kwa kuogopa choo cheusi, au kwa uvumi kwamba vinamnenepesha mtoto hadi ashindwe kupita. Mume anayejua kwamba weusi ule ni wa kawaida, na kwamba chai hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, atamsogezea mkewe maji au juisi ya chungwa badala ya kikombe cha chai.

Kwenye vipimo, hakuna mbadala wa kuja wawili. Mama akitibiwa kaswende peke yake, mwenzi asiyetibiwa humwambukiza upya, na ugonjwa huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Pamoja na hayo, sikubaliani na vituo vinavyomrudisha mama aliyekuja peke yake akatafute barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wapo waliokimbiwa, wapo wajane, na wapo wanaopigwa na huyo huyo tunayemtaka aje; kwa hiyo huanza kuzungumza na mama faragha, kisha ndipo namwita baba, mama akiridhia.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Kibarua hawezi kuacha kazi mara nane, nami simdai hivyo. Namtaka siku ya vipimo vya kwanza, na tena wiki ya 36 hivi, tupange safari ya kujifungua. Baba mmoja aliyefika siku hiyo aliniomba kalamu, akaandika nyuma ya kadi namba mbili za madereva wa bajaji, na ya pili akaipigia mstari: huyo hulala na simu ikiwa imewashwa.