Eti ukinyanyua vyuma utazama? Uongo tunaolishana ufuoni

Nenda Pirates, ule ufuo wa Mombasa, Jumapili useme wewe muogeleaji unafanya mazoezi ya nguvu ya nchi kavu, hakosi mtu wa kukwambia wacha hizo, utajaa misuli uzame kama nanga. Nimeisikia tangu niko mdogo na bado ipo. Ni kweli msuli ni mzito kuliko mafuta, hapo hawajadanganya, lakini miguu yako ikishuka mara nyingi kosa ni la kichwa, maana mapafu ndo yanayokuelesha na yako kifuani, sasa ukiinua kichwa kuchungulia mbele miguu inaenda chini yenyewe. Na kujaa misuli si mchezo, kuna watu wanakula trei za mayai na vyuma kila siku na shati bado linawapwaya. Anayeanza, wiki za kwanza nguvu zinaongezeka kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli aliyokuwa nayo, misuli kunenepa ni baadaye.

Inayoniudhi zaidi ni ya sitapu, eti ndizo zinazompa muogeleaji tumbo la kazi. Kijana anajisifu mia mbili kila alfajiri, haya, majini unajikunja hivyo saa ngapi? Pale unapopinduka ukutani, basi. Muda wote uliobaki kazi ya tumbo ni kukataa, kiuno kisipinde, nyonga zisiyumbe huku na huku. Majini huna pa kukanyaga, mkono ukivuta kinachoushikilia ni kiwiliwili, kikiwa legelege nguvu inapotelea njiani, ni kama kupiga kasia umekalia godoro la upepo badala ya dau. Kwa hiyo fanya planki, yaani unajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka kama ubao, planki ya ubavu, na ile ya kulala chali mikono na miguu iko juu, unashusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole, kisha unabadilisha, na mgongo hauachani na sakafu hata kidogo. Na planki sekunde 30 umenyooka ni bora kuliko dakika 5 umebonyea kama kitanda cha kamba kilichochoka. Muogeleaji wetu wa Kenya Jason Dunford, Olimpiki ya Beijing 2008, aliogelea mtindo wa bataflai mita 100 kwa sekunde 51.14 kwenye mchujo akaweka rekodi ya Olimpiki, ingawa haikudumu, na bataflai hiyo, na yale mateke ya pomboo, miguu yote miwili pamoja, chini ya maji ambayo sheria inakuruhusu hadi mita 15, huyawezi na tumbo la uji.

Bega likiuma eti ogelea tu litazoea. Halizoei! Kila mkono wa fristaili, ule mtindo wa kupokezana mikono, unavuta na kuzungusha bega kwa ndani, mara maelfu kwa wiki, kifua kinakaza na misuli ya nyuma ya bega inabaki nyuma. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli, funga kwenye mnazi, vuta kuja kifuani, halafu zungusha kwa nje. Maumivu yakikaa muone mtu wa fizio.

Nyingine eti mtoto akifanya mazoezi ya nguvu atadumaa. Watoto hawadumai kwa mazoezi, bora wasimamiwe na waanze na uzito wa mwili wao wenyewe.

Halafu kuna hii, ati wazee wetu waliogelea vizuri na hawakujua jimu. Kwani kuvuta juya, kukwea mnazi, kusukuma dau limekwama mchangani maji yamekupwa, hayo yalikuwa mazoezi ya wapi, ya baharini?