Nukta nyekundu si moto: dhana potofu kuhusu ramani za data za setilaiti

Setilaiti ya Terra ilirushwa Desemba 1999, Aqua mwaka 2002, na leo picha zao hufunguka hata kwa simu kupitia Worldview, tovuti ya ramani ya NASA, shirika la anga la Marekani. Data ipo tele. Kinachowakwamisha watu ni kiolesura: menyu, rangi na vitufe vya kuifikia hiyo data. Na hapo ndipo dhana potofu zimejaa.

Dhana: Data ikiwa bure, kila mtu anaipata.

Mwaka 2008 Marekani ilifungua hifadhi ya picha za setilaiti zake za Landsat bila malipo. Kabla ya hapo picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa takriban dola 600, kwa hiyo hatua ile haikuwa ndogo. Lakini afisa ugani anayetaka kujua hali ya mimea wilayani kwake bado anakutana na kitu kinachoitwa MOD13Q1, na akitaka joto anapewa MOD11A1. Hizo ni namba za ghalani, na mteja amesimama kaunta. Kiolesura kizuri kinapokea neno “mimea”, kisha kinamwambia kwamba data hii hutoka kila baada ya siku 16 na pikseli moja, yaani kile kimraba kidogo kabisa cha picha, ina upana wa mita 250. Kinamwambia pia kwamba MOD11A1 ni joto la uso wa ardhi, si la hewa. Mchana wa jua kali udongo mtupu huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, tena kwa nyuzi nyingi. Onyo hilo likae kando ya ramani. Kwenye mwongozo wa PDF halisomwi na mtu.

Dhana: Nukta nyekundu ndipo moto ulipo.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inaweza kumletea mtu kesi. Kwenye ramani za moto, nukta huchorwa katikati ya pikseli. Kwa VIIRS, kimoja cha vifaa vya setilaiti vinavyohisi moto, pikseli ina upana wa mita 375, sawa na ekari 35 hivi. Kwa MODIS, kifaa kilicho kwenye Terra na Aqua, ni kilomita moja, na pembeni mwa picha hutanuka zaidi. Moto unaweza kuwa popote ndani ya eneo hilo. Kuza ramani msimu wa kuchoma mashamba na utaona nukta imekaa juu ya bati la nyumba ya mtu, au katikati ya bwawa. Dawa yake ni rahisi: mtumiaji akikuza, nukta igeuke kuwa mraba wenye ukubwa halisi wa pikseli.

Tena, kifaa kinahisi joto, hakijui chanzo chake. Lava ya Nyiragongo, volkano ya Kongo, huweza kutokea kama nukta, sawa na gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta. Na pasipo na nukta usiape kwamba hapakuungua: huenda wingu lilitanda, au moto uliwaka na kuzimika kabla setilaiti haijapita.

Dhana: Rangi nyingi, habari nyingi.

Mizani ya rangi za upinde wa mvua inapendeza, ila inadanganya. Kwenye ramani ya joto la bahari, kijani kinapogeuka njano jicho linaona mpaka, kana kwamba mikondo miwili imekutana, kumbe tofauti ni nusu nyuzi kama kwingine kote. Wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani hupotea kabisa. Matplotlib, programu ya kuchora grafu, iliachana na upinde huo mwaka 2017 ikachukua viridis, mizani ya rangi ambayo mwanga wake hupanda hatua kwa hatua. Programu nyingi bado hazijafuata.

Dhana: Palipo patupu pana sifuri.

Mara nyingi ni mawingu tu. “Mvua 0” na “hakuna data” vipewe sura tofauti, na ufunguo wa ramani useme hivyo.

Dhana: Tarehe ni tarehe.

Mvua ya siku ya IMERG, makadirio ya mvua ya NASA kutoka setilaiti, huhesabiwa kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, hivyo kwetu Afrika Mashariki siku yake huanza saa 9 usiku. Kipima mvua cha kituo husomwa saa 3 asubuhi. Mvua ya alfajiri basi inaweza kuingia kwenye tarehe mbili tofauti, na lawama zote zinaangukia setilaiti. Saa za hapa zingeandikwa tu kando ya tarehe.

Dhana: Wataalamu hawahitaji urahisi.

Worldview ina matabaka ya ramani zaidi ya 1,000, na hakuna aliyebobea katika yote. Mpe mtaalamu wa samaki kazi ya kutafuta mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024, ukae kimya umtazame. Ataanza na picha ya rangi za kawaida, na atakuta maji ya tope yanafanana na udongo. Tabaka linaloyatenganisha limepewa jina la namba za bendi, yaani mafungu ya mwanga ambayo kifaa hupima: 7-2-1.