Hapana, wale madansa wa Hellzapoppin' hawakuzaliwa wakijua

Wiki iliyopita kijana mmoja mpya, ana miguu myepesi kweli na muziki anaupenda, darasa lake la tatu tu, nikamsimamisha katikati ya swingauti, ile stepu kuu ya lindy hop, dansi ya Wamarekani weusi ninayofundisha, maana alikuwa anakanyaga biti ya saba kabla haijafika. Akanijibu "ticha mimi mambo ya kuhesabu hapana, kwani wale wenzetu weusi kwenye ile muvi walikuwa wanahesabu? Ile ni damu." Wenzake wakaitikia, kweli kabisa, ni damu. Nikanyamaza kwa sababu darasa lilikuwa linaendelea, lakini hii kauli nimeshaisikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wanaoleta watoto, kwenye komenti za klipu yenyewe, na sasa imetosha, acha niandike.

Muvi anayoisema ni Hellzapoppin', komedi ya muziki ya studio ya Universal, imetoka Desemba 1941, na klipu inayozunguka kila mahali ni zile dakika chache ambapo madansa wanane weusi wanacheza lindy hop mpaka unashika kichwa. Ukiingia darasani kwangu kuna uwezekano mkubwa hiyo ndiyo iliyokuleta, na mimi nashukuru. Ila tuelewane.

Angalieni kwanza ile sini ilivyojengwa, maana uongo unaanzia humo humo. Kwenye hadithi kuna matajiri wanaandaa shoo nyumbani kwao, vyombo vya muziki vimeshapangwa, wafanyakazi wanapita pita. Slim Gaillard anakaa kwenye piano, Slam Stewart anashika besi anaipiga kwa upinde huku anaimba noti zilezile kwa sauti ya juu, Rex Stewart, mtu aliyekuwa kwenye bendi ya Duke Ellington, yuko na koneti, tarumbeta fupi, wengine nao wanaingia mmoja mmoja, alafu ghafla wanatokea wapishi na wajakazi na watu wa karakana wanaanza kurushana kama vile mtu kasikia ngoma akaacha chungu jikoni. Yaani muvi inataka uamini kwamba hawa watu walikuwa kazini tu, muziki ukawapitia, mwili ukajibu. Hollywood ya miaka ile mtu mweusi akionekana mara nyingi ni mtumishi, na akicheza basi acheze kama hajajifunza popote. Na sisi mpaka leo tunaitazama vilevile walivyotupangia tuitazame.

Sasa ukweli. Wale wanane ni Whitey's Lindy Hoppers, kundi la kulipwa, watu wa kazi hii, kutoka Savoy Ballroom pale Harlem, New York. Savoy ilifunguliwa Machi 1926 Lenox Avenue, imechukua ubavu mzima kuanzia mtaa wa 140 mpaka wa 141, weusi na weupe wanaingia na kucheza sakafu moja wakati sehemu nyingi za Marekani hilo halikuwezekana. Herbert White, ndiye huyo Whitey, alikuwa bondia zamani, pale Savoy akawa mkuu wa mabaunsa, na kazi yake nyingine ilikuwa kuangalia nani anacheza vizuri. Anawachukua hao vijana, anawafanyisha mazoezi mchana ukumbi ukiwa mtupu, anawashindanisha, anawapeleka kwenye shoo. Mwaka 1935 yakaanza mashindano ya Harvest Moon Ball na vijana wake ndio waliokuwa wakibeba zawadi za lindy hop, Al Minns mnayemuona kwenye klipu aliyachukua mwaka 1938. Mwaka 1937 kundi lilishacheza kwenye muvi ya wachekeshaji Marx Brothers, A Day at the Races, wakaenda Ulaya, wakaenda mpaka Australia na New Zealand. Sasa mtu aliyezunguka dunia akicheza kila usiku kwa mshahara unaniambia alikuwa anapita na ndoo akasikia muziki?

Kila stepu mle ndani imepangwa, na aliyezipanga ana jina, Frankie Manning. Kama huniamini hesabu mwenyewe. Kapo moja inatoka, inacheza mafungu yake ya nane nane, inaondoka palepale fungu linapoisha, inayofuata inaingia kwenye biti ya kwanza. Hakuna anayemgonga mwenzake, hakuna anayesubiri. Alafu mwishoni kapo zote nne zinacheza pamoja, wanarushana na wanatua kwenye biti ileile. Watu wanane! Hiyo damu gani inayojua mwenzangu aliye mita tatu nyuma yangu anatua lini?

Na hizo stepu za hewani mnazoziona kama muujiza, mwaka 1935 Manning alitaka kitu cha kuwashinda kina Shorty George Snowden, waliomtangulia kwenye huu mchezo. Snowden alikuwa mfupi sana, mwenzie Big Bea mrefu, na walikuwa na kistepu cha kuchekesha, mwanamke anambeba mwanaume mgongoni anatoka naye. Manning akawaza, vipi mtu asibebwe tu mgongoni, abiringike juu ya mgongo atue upande wa pili? Akamwambia mwenzake Frieda Washington, wakaweka godoro chini, wakaanguka, wakarudia, wakaanguka tena mpaka ikakubali na mpaka ikakaa kwenye muziki. Godoro! Nikifika hapa darasani huwa narudia hilo neno mara mbili maana ndilo jibu lote la swali la damu.

Hata ule mkao wa kuinama mbele kama mkimbiaji, Manning ndiye aliyeusukuma, waliokuwa kabla yake walicheza wamesimama wima zaidi. Mtu alifikiri, akajaribu, akachagua.

Alafu kama ni damu nielezeni Waswidi. Lindy hop ilipokuwa karibu kusahaulika Marekani, kikundi cha Waswidi waliipenda kupitia muvi za zamani, mwaka 1984 wakamleta Al Minns Stockholm awafundishe, baadaye Manning naye akawa anakwenda, na kijiji kidogo kinaitwa Herräng kina kambi ya dansi ya kiangazi iliyoanza 1982, watu wanatoka dunia nzima. Manning mwenyewe wakati huo alikuwa ameshafanya kazi posta New York miaka mingi baada ya swing, ile jazz inayochezewa lindy hop, kupoa. Akawafundisha watoto wa Kizungu wa kaskazini kabisa na wakaweza, kwa sababu ni kitu kinachofundishika, kina hesabu, kina uzito, kina mahali mguu unapokaa.

Nikimsikia Mzungu anasema "wana mdundo wa asili" naudhika, lakini nikimsikia Mswahili mwenzangu naudhika zaidi, maana anadhani anawasifu kumbe anawafutia kazi yao. Kama ni damu basi hakuna mazoezi, hakuna mpangaji, hakuna wa kulipwa vizuri wala wa kutajwa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwenye muvi wameandikwa kundi zima kwa mpigo, "Harlem Congeroo Dancers", jina ambalo hata si lao. Majina ni haya: Frankie Manning na Ann Johnson, Norma Miller na Billy Ricker, Al Minns na Willamae Ricker, William Downes na Frances "Mickey" Jones. Darasani kwangu hujifunzi stepu hata moja ya ile klipu kabla hujayataja yote manane, na sitabadilisha hilo.

Haya, kauli nyingine ninazozisikia, kwa haraka.

"Wameispidisha video." Hapana. Muziki wenyewe unapita biti 300 kwa dakika na wanacheza juu yake. Acha kuangalia miguu, angalia sketi na angalia mtu anavyoanguka kutoka juu, ukiharakisha video vitu vinaanguka haraka kuliko kawaida na jicho linakamata mara moja, hapa vinaanguka kawaida. Na wapo madansa leo wanaoicheza hiyo rutini jukwaani, mbele ya watu, kwa spidi hiyohiyo. Siri ni hatua fupi, magoti laini, na kutupa zile tripo stepu, hatua tatu ndani ya biti mbili, pale ambapo hazina nafasi, badala yake unapiga teke au unashikilia. Anayetaka spidi aje kwanza aweze biti 120 bila kukaza mabega.

"Lindy hop ni kurushana." Hili linaniumiza kwa sababu ya migongo ya watu. Stepu za hewani ni za shoo na mashindano, kwenye sakafu ya kawaida yenye watu wanaocheza hairuhusiwi na haina adabu. Na anayerushwa harushwi, anaruka mwenyewe, mwenzake anampa tu mahali pa kupita na anamlinda kutua. Usijaribu kwenye harusi ya binamu yako na usijaribu umeshakunywa. Godoro kwanza, nimeshasema.

"Ni muvi ya propaganda ya vita." Ilipigwa kabla Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, haijashambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, ikaingia sinema mwezi huohuo, na ndani yake vita havina habari, ni vichekesho vya wachekeshaji wawili, Olsen na Johnson, vilivyotoka kwenye shoo yao ya Broadway ya 1938, shoo iliyochezwa zaidi ya mara 1,400. Za wanajeshi ni nyingine, kama Buck Privates yenye wachekeshaji Abbott na Costello na waimbaji Andrews Sisters, na hata hiyo ilitoka Januari 1941, Marekani haijaingia vitani bado, ila vijana walishaanza kuandikishwa tangu 1940. Vita vilichofanya kwa hawa wanane ni kuwatawanya. Baadhi yao, Norma Miller akiwemo, walikuwa Rio de Janeiro kwa shoo habari za Pearl Harbor zilipokuja, wakakwama huko miezi, Manning akachukuliwa jeshini, na kundi ndio likaisha.

"Swing ni dansi ya wanajeshi wa Kizungu." Wanajeshi waliibeba, hilo sawa, Waingereza waliipata kwao wakaiita jaivu. Kubeba si kuzaa. Ilizaliwa Harlem, miaka ya 1920 mwishoni.

"Muvi nzima ni kucheza, ticha nipe niidownload." Utakaa zaidi ya saa moja unatazama vichekesho na utapata hizo dakika zako chache, alafu hadithi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Studio nyingi miaka ile ziliweka sini za wasanii weusi pembeni ya hadithi, ili kusini mwa Marekani wasiotaka kuwaona waweze kuikata na muvi isipungukiwe, mwimbaji Lena Horne kule studio ya MGM alifanyiwa hivyo muvi baada ya muvi. Ukitaka weusi watupu na hadithi yao tafuta Stormy Weather ya 1943, wale ndugu wawili madansa, Nicholas Brothers, kwenye ile ngazi.

"Jazz si kama Morogoro Jazz?" Jina tu. Bendi zetu zilijiita jazz na nyingi zikapiga rumba, nazipenda sana, ila swingauti hapo haikai.

Kijana wangu wa damu nimempa kazi ya nyumbani na nyie chukueni hiyohiyo. Fungua klipu, zima sauti. Mara ya kwanza fuata kapo moja tu, mtazame mwanamke peke yake, hesabu mpaka nane kwa mdomo. Rudia na mwanaume. Alafu kapo ya pili. Ni mara nane, mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Alhamisi jioni saa kumi na mbili tunaanza, na raba zenye soli ya kunata mziache nyumbani.